Paka, Panya na Rubwunga

Sidhani kama kuna kijana wa Tanzania mwenye simu ambaye hajawahi kutumiwa ule ujumbe wa WhatsApp wa mambo kumi usiyoyajua kuhusu paka. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku. Paka haonji utamu wa sukari. Kisha huja jambo la kihistoria: Papa Gregory wa Tisa aliamuru paka wauawe Ulaya nzima, panya wakazaliana bila wa kuwazuia, ndipo tauni ikaja ikafyeka watu. Chini kabisa kuna ushauri wa maisha, kwamba ukitaka amani nyumbani fuga paka, kisha unaombwa uwatumie watu kumi.

La sukari ni kweli. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jini moja linalomwezesha mnyama kuonja utamu limekufa katika ukoo wa paka, kuanzia duma hadi nyau wa jikoni. Kwa sisi tuliokulia katikati ya migomba jambo hili lina mzaha wake: paka anazaliwa chini ya mkungu wa ndizi, anaishi humo, anazeeka humo, na hajui ndizi mbivu ina ladha gani. Panya anaijua vizuri sana.

La Papa si kweli. Barua inayosingiziwa ni ya mwaka 1233 na ilihusu watu wa Ujerumani walioshutumiwa kwa uzushi. Paka mweusi anatajwa humo kama sehemu ya ibada zao za kishetani, lakini hakuna mstari unaoagiza paka wauawe. Tena tauni kuu iliingia Ulaya mwaka 1347, zaidi ya miaka 100 baadaye. Paka waliouawa mwaka 1233, hata kama wangekuwepo, wasingeweza kulaumiwa kwa panya wa vitukuu vya wauaji wao.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo mambo haya hunikera kuliko inavyostahili. Lakini kinachonikera zaidi si uongo wa ile habari ya Papa. Ni kwamba tunarushiana tauni ya Ulaya ya kubuni, wakati mkoa wetu wa Kagera una historia yake ya kweli ya paka, panya na tauni, iliyoandikwa na madaktari na kuchapishwa, na ilitokea mahali ambapo ukitoka Kayanga asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana.

*

Kwanza nieleze kwetu. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na kabla ya wilaya zilikuwa ufalme mmoja, Karagwe ya Wahinda, wenye makao yake Bweranyange. Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861. Stanley alifika 1876 na kukaa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani. Vitabu vyao vimejaa ng'ombe, pembe za ndovu, wake wa wakubwa walioneneshwa kwa maziwa, na hesabu ya zawadi. Wageni wa aina ile huandika vitu vikubwa. Mambo ya jikoni hayakuwa kazi yao, na paka, ambaye kwa Runyambo tunamwita enjangu, ni kiumbe wa jikoni.

Historia ya jikoni hubaki kwenye amri. Bibi yangu, aliyeishi Nkwenda, alikuwa na amri nyingi za paka na panya, na alizitoa bila maelezo, kama mtu anayesema funga mlango. Panya aliyeuawa na paka ni wa paka. Panya aliyekufa mwenyewe haguswi kwa mkono. Anasukumwa kwa kijiti hadi kwenye majani makavu ya migomba, anachomwa nayo. Paka halali kwenye kitanda cha mtoto. Na amri moja ambayo utotoni ilinitia hofu kwa sababu sikuona inahusu nini: mkiona panya wanaanguka wenyewe kutoka darini, wawili, watatu, msilale humo usiku huo.

Sisi tulikuwa na nyumba ya matofali na bati. Panya walikuwepo, hasa baada ya mavuno ya maharage, lakini hawakuanguka. Amri ile haikuwa na kazi yoyote niliyoweza kuiona, na bado ilitolewa kila mwaka. Kwa mwanafunzi wa historia, amri isiyo na kazi ni kama kigae cha chungu shambani: lazima kulikuwa na chungu.

*

Ili kukiona hicho chungu, ondoa bati na matofali. Rudisha msonge, nyumba ya duara ya miti, matete na nyasi, imefunikwa hadi karibu na ardhi, ikiwa ndani kabisa ya shamba la migomba. Ndani, sakafu imetandikwa nyasi, zinazobadilishwa zikichakaa. Ndizi yenyewe haihifadhiwi. Mkungu unangoja shambani hadi siku ya kukatwa. Lakini maharage huhifadhiwa, na ulezi, na mtama unaochachusha rubisi. Vyote hivyo viko ndani, pamoja na watu, moto, na wakati mwingine ndama au mbuzi. Paa la nyasi ni kasri la panya. Sakafu ya nyasi ni kasri la viroboto. Mtu analala katikati ya makasri hayo mawili.

Halafu ongeza miaka ya 1890. Sidhani kama kuna muongo mbaya kuliko huo katika historia ya eneo letu. Sotoka ilipita 1890 na 1891 ikaua ng'ombe wa Karagwe, na katika nchi ambayo heshima, mahari na maziwa vyote vilisimama juu ya ng'ombe, huo ulikuwa msiba wa kila nyumba. Nyuma yake wakaja funza wa miguuni, yaani tekenya, ambao walishuka Angola kutoka Brazil mnamo 1872, wakavuka bara zima kwa nyayo za wapagazi hadi kwenye ziwa letu ndani ya miaka 20. Oscar Baumann alipopita upande huu wa ziwa mwaka 1892 alikuta watu walioshindwa hata kulima kwa ajili yao. (Tekenya hakai kwa binadamu peke yake. Anakaa kwa nguruwe, mbwa, panya, na paka pia. Amri ya paka kutolala kwenye kitanda cha mtoto ina akili zaidi ya ile ya "manyoya yanaleta pumu" tunayoambiwa siku hizi.) Juu ya yote hayo, Wajerumani walikuwa wameshajenga boma Bukoba.

Ndani ya muongo huo, kaskazini ya Bukoba, katika ufalme wa Kiziba, ambao leo uko wilaya ya Missenyi, watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wenye uvimbe wa mtoki, homa kali, na kifo ndani ya siku chache. Waliuita rubwunga. Habari zilipoifikia serikali ya Kijerumani, daktari mmoja, Zupitza, alitumwa Kiziba mwishoni mwa 1897. Wakati huo Robert Koch, mtu maarufu kuliko wote duniani katika elimu ya vijidudu, alikuwa Dar es Salaam, akitokea Bombay alikokwenda kuchunguza tauni. Zupitza alimtumia vielelezo kutoka Kiziba. Koch alipoviangalia alitambua kitu kilekile alichotoka kukiona India. Rubwunga ilikuwa tauni. Mwaka 1898 aliwaeleza Wajerumani wenzake kwamba eneo la Kiziba na Uganda ni moja ya mahali pachache duniani ambapo tauni haitoki; inakaa, inasubiri.

Sasa zingatia jambo ambalo katika taarifa hizo limewekwa kama maelezo ya pembeni. Watu wa Kiziba walijua kwamba ugonjwa huanza kwa panya. Panya walipoanza kufa ndani ya nyumba, waliihama nyumba.

Nilipokutana na habari hiyo kwa mara ya kwanza nilifunga kompyuta, nikatoka nje ya maktaba nikanywa chai. Ilikuwa ni amri ya bibi, neno kwa neno, isipokuwa ilikuwa imeandikwa kama tabia ya wenyeji na haikuwa na sauti yake.

*

Hebu tuweke tarehe pamoja. Yersin alikitambua kijidudu cha tauni Hong Kong mwaka 1894. Kwamba kiroboto ndiye anayekibeba kutoka kwa panya hadi kwa mtu, Paul-Louis Simond alilionyesha mwaka 1898, Karachi, na wakubwa wengi wa sayansi walimcheka kwa miaka kadhaa. Yaani Zupitza alipokuwa akiandika kwamba watu wa Kiziba wanakimbia nyumba zenye panya waliokufa, hakuna profesa Berlin wala Paris aliyeweza kuwaeleza kwa uhakika kwa nini wanafanya vema.

Na walifanya vema kweli. Kiroboto hunyonya damu ya mwili wenye joto. Panya akifa anapoa, na viroboto wake wanamwacha na kutafuta joto jingine, na katika msonge wa usiku joto jingine ni wewe. Siku ambazo panya wanakufa darini ndizo siku ambazo sakafu ni hatari kuliko zote. Anayehama siku hiyo ameondoka kwa wakati wake. Kuhama nako kuliwezekana: msonge ni miti na nyasi, na migomba ingeendelea kuzaa. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mji wa reli wenye umri wa miaka 3, Waingereza waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto pamoja na mali za watu. Siwezi kulinganisha hesabu za waliookoka kwa njia hizi mbili. Ninajua tu ni ipi ningependa kuwa mwenyeji wake.

Mimi si Mziba, na hapa ningependa kuwa mwangalifu, maana kila mtu wa Kagera anajua jinsi majirani wanavyogombea sifa. Kiziba ilitawaliwa na Wabito, Karagwe na Wahinda; lakini Kihaya na Runyambo vinasikilizana, watu walioana, na mto Kagera unaopakana na Kyerwa ndio huohuo unaokwenda Kyaka na kuingia Missenyi. Ushauri wa kuokoa maisha hausimami mpakani kuuliza ukoo. Naamini ulifika Nkwenda kwa njia hiyo, kwa mwali aliyeolewa mbali au mtu aliyefuata ng'ombe, ukabaki baada ya tauni yenyewe kusahaulika.

*

Paka anaingia wapi? Anaingia kwa mlango wa mtu yuleyule. Koch alirudi kwenye ziwa letu mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese. Mwaka 1908 alitembelea Japani, kwa mwaliko wa mwanafunzi wake wa zamani Kitasato, wakati Wajapani wakihangaika na tauni bandarini mwao. Ushauri aliowapa ulikuwa wa jikoni kabisa: fugeni paka. Serikali ya Japani ililichukua jambo hilo kwa uzito, ikahimiza watu wafuge, na paka wakaagizwa hadi kutoka nje. Mwaka huohuo daktari mmoja wa jeshi la Waingereza India, Andrew Buchanan, aliandika katika British Medical Journal akiwatetea paka kama kinga ya tauni. Alikuwa amekwenda kijiji kwa kijiji akihesabu paka, na akaona kwamba vijiji vyenye paka wengi vilisalimika kuliko visivyo nao.

Kwa hiyo ule ujumbe wa WhatsApp ulikuwa na haki? Nusu. Paka anakula panya, lakini panya mwenye tauni anamrudishia. Mbwa akiambukizwa mara nyingi hupona. Paka huugua vibaya, huvimba mitoki kama binadamu, na akikohoa karibu na uso wako anaweza kukuambukiza. Nchini Marekani, kati ya 1977 na 1998, watu 23 walithibitika kupata tauni kutoka kwa paka, na 5 kati yao walikufa. Tukiongeza hilo kwenye amri za bibi, zinakaa pamoja kama vidole: panya wa paka mwachie paka, aliyekufa mwenyewe usimguse, paka wako asilale na mtoto, na wakianza kuanguka, toka. Paka ni mlinzi, na mlinzi halali chumbani.

Sidai kwamba bibi alijua habari za kijidudu. Alijua nini cha kufanya, na hicho ndicho kilichohitajika saa nane usiku.

*

Leo hakuna msonge Nkwenda isipokuwa wa maonyesho, na sijasikia rubwunga kwetu katika maisha yangu. Lakini magonjwa yanayotoka kwa wanyama hayajatuhama. Machi 2023 Marburg ilizuka Bukoba vijijini. Waliougua walihesabiwa 9, na 6 wakafariki. Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo. Wataalamu walikuja na magari meupe, na kazi yao niliiheshimu. Nilichokuwa nikijiuliza ni kama kuna aliyekaa na wazee wa pale na kuwauliza wanaambiana nini kuhusu popo.

Panya nao wapo, na vita vyetu dhidi yao vimebadilika kwa ubaya. Siku ya gulio Omurushaka utamsikia muuza sumu kabla hujamwona, spika yake ikirudia panya, mende, kunguni, viroboto. Mtu ananunua kipakiti, anachanganya na dagaa, anaweka kona ya ghala. Panya anakula, hafi papo hapo, anayumba uani. Paka anamkamata bila jasho, na kesho yake paka amekauka chini ya mgomba. Miezi michache baadaye panya wamerudi, kwa sababu panya huzaa haraka kuliko paka, na sasa hakuna wa kuwazuia. Muuza sumu naye anarudi. Biashara nzuri kuliko hiyo sijaiona.

Kuna imani nyingine inayomuua paka polepole, na hii naisikia Karagwe nzima: usimlishe paka, akishiba hawindi. Si kweli. Kwa paka njaa na uwindaji ni mambo mawili. Walipojaribiwa maabara, paka waliokuwa katikati ya mlo waliacha sahani, wakaua panya, wakarudi kwenye sahani. Na anayenyimwa chakula hakai. Anahama, anakuwa paka shume wa kuiba nyama za majirani, na wewe unabaki na panya wako. Mpe chochote chenye nyama au samaki, hata vichwa vya dagaa, kwa sababu ndizi na maharage havimjengi. Mwili wake hauwezi kuishi bila nyama. Maziwa, pamoja na kwamba sisi ni watu wa ng'ombe, wengi wao wakishakua huwaharisha.

Na utafiti ninaoupenda kuliko wote ulifanywa Eswatini, ukachapishwa mwaka 2017. Watafiti walipima ni kiasi gani cha chakula panya wanathubutu kula kuzunguka nyumba za vijijini. Nyumba yenye paka peke yake haikuwa na tofauti kubwa na isiyo na mnyama. Yenye mbwa peke yake vilevile. Lakini yenye paka na mbwa pamoja, panya waliogopa kutoka. Maadui wawili tunaowatumia kama mfano wa watu wasiopatana ndio waliofaa wakiwa wawili.

Nilimweleza shangazi yangu habari hiyo kwa simu. Yeye ndiye aliyerithi ghala la bibi, na ameshapoteza paka wawili kwa sumu ya jirani. Alisikiliza, akaniuliza kama huko chuoni wanatulipa kwa kusoma mambo ya namna hiyo. Kisha akasema mbwa anaye. Paka wa mwalimu amezaa watatu nyuma ya shule, wawili wameshaahidiwa watu, na yeye ameshapeleka kilo moja ya maharage ili wa tatu asipewe mwingine. Nikamwambia amchanje wote wawili kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukiza, na akikwaruzwa au kung'atwa na mnyama asiyemwelewa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima ndipo akimbilie kituo cha afya. Binti yake ana mimba ya miezi minne. Nikasema yeye asizoe kinyesi cha paka, kina vimelea vinavyodhuru mtoto tumboni.

"Hilo la mjamzito," alisema shangazi, "mama alishalisema."